Nywele Zinanyonyoka? Kisome Kichwa Kabla ya Kununua Dawa

Kabla hujanunua mafuta yoyote, okota unywele mmoja uliodondoka. Kama nywele zako ni nyeusi, uweke juu ya karatasi nyeupe. Kama zina mvi, juu ya kitambaa cheusi. Tazama ncha zote mbili kwenye mwanga. Ukiona ncha moja ina kinundu cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini, unywele huo umetoka mzima kutoka ndani ya ngozi. Huo umenyonyoka. Ukiona ncha zote mbili ni kavu, hazina kinundu, na kipande chenyewe ni kifupi kuliko nywele zilizobaki kichwani, huo umekatika, na shina lake bado limo ndani ya ngozi linaendelea na kazi.

Mimi ni msusi. Kwa miaka niliyosimama nyuma ya viti vya wateja nimesikia maneno mawili, "nywele zinaisha," yakibebeshwa matatizo saba au nane yasiyohusiana kabisa. Mtu anapaka dawa ya fangasi kwenye kichwa ambacho shida yake ni upungufu wa damu. Mwingine anameza vitamini mwaka mzima wakati kinachomng'oa nywele ni mkono wa msusi wake. Ndiyo maana hapa nimepanga mambo kwa kile unachokiona kichwani. Tafuta dalili yako, anza na sababu iliyotangulia kutajwa kwa kuwa ndiyo hutokea mara nyingi zaidi, kisha ushuke.

Kwanza kabisa: je, ni tatizo kweli?

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Kila unywele una ratiba yake: unakua kwa miaka 2 hadi 6, kama sentimita moja kwa mwezi (nywele zilizojikunja sana hukua pungufu kidogo), unapumzika miezi kama 3, halafu unadondoka na mwingine unachipua pale pale. Kwa mpango huo, kupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku ni afya, si ugonjwa.

Sasa fikiria rasta za wiki 6. Hizo ni siku 42. Nywele zilizokufa siku zote hizo hazikuwa na pa kudondokea, zimenaswa ndani ya msuko, na siku ya kufumua zinatoka zote pamoja: kati ya 2,100 na 4,200. Nimemshuhudia dada mmoja akilia juu ya fungu lililojaa viganja viwili. Nikachambua nywele chache, nikamwonyesha vinundu vyeupe kimoja kimoja, tukapiga hesabu hiyo ya siku 42, kisha nikampa kioo atazame utosi wake. Utosi haukuwa na pengo hata moja. Alikuwa ameshaandika orodha ya dawa za kununua.

Ukitaka kupima, usioshe nywele kwa siku nzima, kisha zichanue taratibu ziishe mafundo, maana fundo hung'oa nywele zisizo na hatia. Shika nywele kama 50 karibu na ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, uvute polepole hadi mwisho bila kuchomoa kwa ghafla. Rudia mbele, utosini, pembeni na kisogoni. Ikitoka moja au mbili, uko salama. Zikitoka sita na zaidi kila unaposhika, nywele zinanyonyoka kupita kiasi na inafaa utafute sababu.

Zinatoka nyingi kwa ghafla, kichwa kizima, na hakuna pengo

Hapa usiulize nimepaka nini wiki iliyopita. Chukua kalenda urudi nyuma miezi 2 hadi 3. Mwili unapopata mshtuko, nywele nyingi huacha kukua kwa mkupuo na kuingia mapumzikoni. Kwa kuwa mapumziko ni miezi 3 hivi, zinadondoka wakati mshtuko wenyewe umeshasahaulika. Hii ndiyo sababu watu hulaumu shampuu mpya wakati mkosaji ni homa ya robo mwaka iliyopita.

Mshtuko wa kwanza kwa wingi ni uzazi. Mimba huzishikilia nywele zisidondoke, ndiyo maana mjamzito huonekana na kichwa kimejaa. Baada ya kujifungua, zile zilizocheleweshwa zinaondoka pamoja, mara nyingi kuanzia mwezi wa tatu. Mama, hiyo si laana, wala si mtoto "anayekuvuta nywele," na wengi hurudia hali yao kabla mtoto hajatimiza mwaka. Baada ya uzazi kuna homa kali, UVIKO-19 ikiwemo, upasuaji, kupungua uzito haraka kwa kujinyima chakula, msiba au hofu nzito ya muda mrefu, na kuacha vidonge vya uzazi wa mpango.

Kama umepata tukio la aina hiyo, tiba kubwa ni kula vizuri, kukiacha kichwa kipumzike na kusubiri. Kunyonyoka kwa aina hii kwa kawaida hukoma ndani ya miezi 6. Dalili njema ni vinywele vifupi vilivyosimama kwenye paji la uso kama manyoya ya kifaranga. Usivibane wala usivipake gundi.

Kalenda isipokupa jibu, sasa ni kazi ya maabara. Upungufu wa madini ya chuma ndio wa kwanza kuutafuta, hasa kwa mwanamke anayetokwa na damu nyingi ya hedhi. Mwambie daktari apime wingi wa damu na pia akiba ya chuma, maana akiba inaweza kuwa imekwisha huku damu ikionekana bado inatosha. Kisha tezi ya shingo, iwe inafanya kazi kupita kiasi au chini ya kiwango: ukiona uchovu usioisha, kuhisi baridi au joto kuliko wenzako, uzito unaobadilika bila sababu, usikae kimya. Kisha dawa unazotumia. Zipo dawa za kuzuia damu kuganda, za shinikizo la damu, za kifafa na za chunusi kali zinazopunguza nywele.

Simama hapa: usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya nywele. Kuacha dawa ya kifafa au ya damu kwa ghafla kunaweza kuua. Rudi kwa aliyekuandikia, mara nyingi ipo mbadala. Na dawa za saratani zina njia yake tofauti: zenyewe hupiga nywele zikiwa zinakua, hivyo huanza kutoka wiki 2 hadi 4 tu baada ya matibabu kuanza, na kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha.

Neno moja kuhusu vidonge vya "kuotesha nywele." Kama mwili wako haujapungukiwa, havina cha kujaza. Vitamini A na madini ya seleniamu zikizidi mwilini husababisha nywele kunyonyoka, yaani unaweza kununua ugonjwa ule ule unaoukimbia. Biotini nayo, kwa dozi kubwa zilizomo kwenye vidonge hivyo, huvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na vya mshtuko wa moyo. Ukienda kupima, sema kwamba unaimeza.

Nywele za mbele na za pembeni zinarudi nyuma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu madhara haya tunayafanya sisi wasusi kwa mikono yetu na yanazuilika kabisa.

Sababu ya kwanza, mbali sana na nyingine zote, ni kuvutwa. Rasta ndefu na nzito, wivingi iliyoshonwa kwenye mistari iliyokazwa, dredi zinazosokotwa upya mara kwa mara, wigi lililogandishwa kwa gundi, au tu mpira wa nywele unaobana pale pale kila siku. Kila mvuto unalegeza shina kidogo. Hali huwa mbaya zaidi nywele zikiwa zimetiwa dawa ya kulainisha kisha zikasukwa kwa kukazwa, kwa sababu zimeshapoteza nguvu.

Namna ya kuitambua: simama mbele ya kioo, nyanyua taa ya simu pembeni ya sikio. Mara nyingi utaona ukanda uliopungua, na mbele yake mstari mwembamba wa nywele fupi laini uliobaki palepale mpaka wa zamani ulipokuwa. Nywele hizo zimepona kwa sababu zilikuwa fupi mno kushikwa na msusi. Alama nyingine ni vipele vyenye usaha kwenye mistari siku mbili tatu baada ya kusuka, na ngozi iliyoinuka kama kihema kidogo kwenye shina la kila msuko. Ukiwa umesukwa na unashindwa kulala ubavu, au umemeza dawa ya maumivu ili usinzie, usisubiri "uzoee." Fumua usiku huo huo, angalau mistari ya mbele. Msuko uliosukwa vizuri hauumi.

Marekebisho ni haya. Kaa bila kuvutwa kwa miezi kadhaa, isiwe wiki mbili. Ukirudi kusuka, taka misuko minene na michache, mifupi, nywele za mpakani ziachwe nje, na mahali pa kugawa pabadilike kila safari. Usitie dawa na kusuka kwa pamoja. Kwa mtoto wa kike, mwambie msusi mapema na kwa sauti: mkono mwepesi. Mtoto akilia kitini hafanyi ukaidi.

Ukiwahi, nywele zinarudi. Ukichelewa miaka, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na vitundu vya nywele havionekani tena. Hapo shina limeshageuka kovu na hakuna mafuta yanayofufua kovu. Usiendelee kutumia pesa kusugua. Muulize daktari wa ngozi kama kupandikiza nywele kunakufaa.

Kwa mwanamume ambaye hasuki, mpaka unaorudi nyuma pembe mbili juu ya paji ni uwaraza wa kurithi, nitaueleza chini. Na kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ukanda wote wa mbele ukirudi nyuma kwa usawa, ngozi ikabaki nyororo na ya rangi tofauti, na nyusi nazo zinapungua, usijitibu hata siku moja. Huo ni ugonjwa unaoacha makovu. Daktari wa ngozi huweza kuusimamisha, lakini zilizokwisha kwenda hazirudi.

Duara au pengo limetokea

Uliza umri kwanza.

Kwa mtoto, fikiria mapunye kabla ya kitu kingine. Ngozi ina magamba, inawasha, na ndani ya duara kuna vidoa vyeusi ambavyo ni nywele zilizokatikia usawa wa ngozi. Papasa nyuma ya shingo, mara nyingi utakuta tezi zimevimba. Ni fangasi, wanaambukizwa kwa chanuo, kofia, mto, mashine ya kunyolea isiyosafishwa, na wakati mwingine kwa paka au mbwa. Kosa linalorudiwa kila siku ni kupaka mafuta peke yake. Fangasi huyu amejificha ndani ya shina la unywele ambako mafuta hayafiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama griseofulvini au terbinafini, kwa kipimo cha uzito wake. Shampuu ya ketokonazo hupunguza kuambukiza wengine tu. Watazame na wenzake wote wa nyumbani.

Simama hapa: pengo la mtoto likivimba, likawa laini kama limejaa maji, linatoa usaha na linauma, mpeleke ndani ya siku moja au mbili. Usilikamue wala usilipasue. Likicheleweshwa linaacha upara wa kudumu.

Kwa mtu mzima, au mtoto ambaye pengo lake ni laini kabisa, halina magamba, haliwashi, limetokea kama limenyolewa usiku, sababu ya kwanza ni kinga ya mwili kushambulia mashina ya nywele. Tazama ukingoni mwa duara: vinywele vifupi vilivyo vyembamba chini na vinene juu ni alama yake. Tazama na kucha, huenda zina vishimo vidogo vidogo kama zimedungwa sindano. Ugonjwa huu hauambukizi. Duara moja au mawili mara nyingi hufunga yenyewe ndani ya mwaka, na nywele za kwanza huweza kuota nyeupe kisha zikapata rangi. Daktari anaweza kuharakisha kwa sindano za steroidi kwenye pengo lenyewe. Mapengo yakiongezeka haraka, au nyusi na kope zikianza kutoka, usingoje: tangu 2022 zipo dawa za kumeza zilizoidhinishwa kwa hali kali, na zinahitaji daktari wa kuzifuatilia.

Zipo sababu nyingine tatu, si za kila siku, lakini nimezikuta. Mapengo madogo madogo yaliyotapakaa kama nguo iliyoliwa na nondo yanaweza kuwa kaswende ya hatua ya pili. Kipimo chake ni cha damu, na inatibika. Pengo lenye rangi iliyofifia katikati, pembeni jeusi, limezama kidogo, linaweza kuwa lupasi ya ngozi (kinga ya mwili kushambulia ngozi), na hiyo huacha kovu. Na pengo lenye nywele za urefu tofauti tofauti, lisilo na umbo, mara nyingi limetokana na mtu kujivuta nywele mwenyewe bila kujizuia. Anayefanya hivyo tayari anaona aibu. Usimgombeze, anahitaji msaada wa mtaalamu wa afya ya akili, na upo.

Zinapungua taratibu, mwaka hadi mwaka

Huu kwa kawaida ni urithi. Kwa wanaume, homoni iitwayo DHT hufanya mashina ya mbele na utosini kudogoka, kila unywele mpya ukiwa mwembamba kuliko ule wa kabla. Kwa wanawake mpaka wa mbele hubaki, ila njia ya katikati hupanuka. Piga picha ya utosi kwa mwanga ule ule kila miezi 3. Jicho la kila siku haliwezi kuuona mwendo wake.

Minoksidili ya kupaka ilianzia kwenye dawa ya shinikizo la damu ambayo wagonjwa wake waliota nywele, na Marekani iliidhinisha kuuzwa kwa ajili ya upara mwaka 1988. Inasaidia wengi, lakini wiki za kwanza huweza kuongeza kunyonyoka, ndipo watu wengi wanapoikimbia. Ipe miezi 4 hadi 6. Ukiacha, faida yake huondoka nayo. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie, na usimwache paka alambe mahali ulipopaka, kwa paka ni sumu. Finasteridi ya kumeza ni ya wanaume na kwa ushauri wa daktari. Inaweza kuathiri tendo la ndoa na hisia kwa baadhi yao, na mwanamke mjamzito hapaswi hata kushika kidonge chake kilichovunjika.

Mwanamke ambaye nywele zinapungua huku hedhi inaruka, ndevu zinaota kidevuni na chunusi zimerudi, apime homoni na ovari. Kichwa kinatoa taarifa tu ya jambo lililo tumboni.

Simama hapa: nywele zikipungua kuanzia utosini na kupanuka kama duara, huku panauma, panachoma au panawasha ukipagusa, usikubali kuambiwa ni urithi tu. Upo ugonjwa wa makovu unaoanzia hapo, unaowapata zaidi wanawake weusi, na mwanzoni hufanana sana na urithi. Tofauti hujulikana kwa daktari kuchukua kipande kidogo cha ngozi na kukipima. Kila mwezi unaopita una mashina yake yaliyokufa.

Hazirefuki, zinakatika

Sehemu hii ni fupi. Unywele hauna kinundu, shina ni zima. Sababu ni dawa ya kulainisha iliyotiwa mapema mno au juu ya nywele zilizokwisha kulainika, kisha rangi, kisha pasi na draya ya moto mkali, kisha kuchana zikiwa kavu. Dawa ipakwe kwenye chipukizi pekee, kwa nafasi isiyopungua wiki 8, na ikianza kuchoma ioshwe papo hapo. Kata ncha zilizochanika. Chanua zikiwa na maji na krimu, kuanzia chini kwenda juu. Dawa ikikutoa malengelenge au kidonda, suuza kwa maji mengi uende hospitali, usipake mafuta juu yake.

Vipele na mba

Mba wa kawaida hauleti upara; kujikuna ndiko kunakokata nywele. Shampuu ya ketokonazo mara 2 kwa wiki, uiache dakika 5 kabla ya kusuuza, hutosha kwa wengi. Kupaka mafuta mazito juu ya mba huongeza mba. Vipele vigumu kisogoni kwa wanaume wanaonyoa hadi ngozi ni jambo jingine: acha nywele zibaki fupi badala ya kunyolewa kabisa, usivikamue, na vikianza kukua kama makovu manene nenda mapema.

Siku ya kwenda kwa daktari

Fumua kila kitu, osha nywele siku moja kabla, na usipake mafuta, poda wala rangi ya kuficha pengo. Beba picha za zamani, majina ya dawa na vidonge vyote unavyomeza, na kila ulichopaka, hata ulichopewa na jirani kwenye chupa isiyo na jina. Andika tarehe mbili: lini ulianza kuona nywele zikitoka, na nini kilikupata miezi 3 kabla ya hapo.